Kofia ya nyaya inafyonza akili?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma darasa la sita, Masasi. Watafiti walikuja shuleni wakitafuta watoto wa kujitolea wapimwe ubongo huku wakifanya hesabu. Unavalishwa kofia yenye nyaya. Mama amekubali, ila bibi anasema hao ni mumiani, watanifyonza akili. Je, wataona mawazo yangu? Na nikikataa, mwalimu atanichukia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi msalimie sana. Huku kwetu Kusini mgeni akishuka na vifaa asivyovijua mtu, neno mumiani halikawii, kwa hiyo simlaumu. Ila kofia hiyo haina pa kufyonzea. Haina sindano, wala haipeleki umeme kichwani. Inasikiliza tu.

Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni mdogo mno, tuseme mikrovolti 50. Uukusanye mara 30,000 ndipo ulingane na betri moja ya tochi. Kwa udogo huo, siku ya kipimo muda mwingi huliwa na nywele! Osha kichwa jana yake kwa sabuni, usipake mafuta ya nazi, maana yanazuia vidude vya kofia kushika ngozi. Kama umesukwa, sema mapema. Twende kilioni mara nyingine hutuachia njia nzuri, lakini rasta nene hunitoa jasho. Watakutia jeli au maji ya chumvi, baridi na ya kuteleza, yanaoshwa. Joto nalo lina vituko vyake: ukitoka jasho, mistari inayochora umeme huo kwenye kompyuta hupanda na kushuka ovyo, ndiyo maana utawaona wanahangaika na feni. Na usitafune korosho. Umeme wa misuli ya taya huufunika ule wa ubongo. Mtoto mmoja aliyezificha mfukoni alinipotezea asubuhi nzima.

Mawazo hawayaoni. Ukifumba macho, mistari ya nyuma ya kichwa hupiga mawimbi kama 8 hadi 13 kwa sekunde, ukifumbua, yanafifia. Waombe wakuonyeshe, inafurahisha. Lakini kama unawaza mpira au ugali, hilo halisomeki. Hata jibu la ubongo kwa hesabu moja humezwa na makelele mengine, kwa hiyo utaulizwa hesabu nyingi za aina moja, wapate wastani. Inachosha, nisikufiche. Jina lako litageuzwa namba, na mwalimu hapaswi kuletewa orodha ya nani ana akili.

Ukisikia habari za MRI, hiyo ni mashine ya kupiga picha ya ubongo, sumaku kubwa yenye tundu, haipakiwi kwenye Noah ikaletwa shuleni. Haitumii eksirei, ila inagonga kwa kelele na lazima ulale bila kutikisika. Marekani, utafiti uitwao ABCD uliandikisha karibu watoto 12,000 wa miaka 9 na 10, wapigwe picha hizo tena na tena wanapokua.

Sasa kukataa. Kwa sheria ya Tanzania wewe ni mtoto mpaka utimize miaka 18, kwa hiyo saini ya mzazi au mlezi inatakiwa. Haitoshi: wewe nawe unaulizwa, na ukisema hapana, la mama halikufungi. Hans Berger, Mjerumani aliyenasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, alimpima mara nyingi mwanawe Klaus. Leo kamati ya maadili ya utafiti ingemkunjia uso, kwani mtoto atamkataliaje baba? Na mwalimu ni vivyo hivyo, hapaswi kusimama karibu wakati unaulizwa. Mwambie mama aombe kuona kibali cha maadili, kwa mfano cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Ukikubali, kisha katikati kofia ikakubana au ukachoka tu, sema "basi". Wataivua bila kukuuliza sababu. Na bibi aje siku hiyo, aombe kiti aketi karibu yako.