Maswali na majibu: Four Tops wasiosikika redioni

Abdul "Duke" Fakir alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 88. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kubaki hai kati ya wale wanne wa Four Tops, kundi la muziki wa soul la Detroit, Marekani, na nilipomwandikia mistari michache ya kumuaga nilisema redio hucheza nyimbo zao tano au sita tu, ilhali hazina yao iko kwingine. Wengi mmeniuliza: kwingine wapi? Haya hapa.

Nazijua "Reach Out I'll Be There" na "I Can't Help Myself", basi. Nianzie wapi?

Anzia albamu ya 1970, *Still Waters Run Deep*. Wahenga wetu wangeiita kimya kingi kina mshindo mkuu, na ukiisikiliza utaona jina limeikaa.

Kwanza ujue ilikotoka. Nyimbo zao zilizovuma katikati ya miaka ya 60 zilitungwa na watu watatu wa Motown, kampuni ya santuri ya Detroit: Holland, Dozier na Holland. Hao walikuwa wakimpa Levi Stubbs, mwimbaji kiongozi wa kundi, tyuni za juu kuliko sauti yake ya baritoni, makusudi, ili asikike kama mtu anayelia kwa kukata tamaa. Ilifanya kazi, tena sana. Lakini watunzi hao walipogombana na kampuni na kuondoka, kundi likabaki linaokoteza nyimbo za wengine.

Ndipo akaja mtayarishaji Frank Wilson. Alimshusha Levi chini, akamwacha aimbe pale sauti yake inapokaa yenyewe. Wimbo wa kufungulia, "Still Water", aliutunga pamoja na Smokey Robinson. Levi hapigi kelele hata mara moja. Anazungumza, anaimba, anazungumza tena, na wenzake wako nyuma yake kama mawimbi madogo wakati wa maji kupwa.

Kisha nenda "It's All in the Game". Tyuni hii ni ya 1911, na aliyeitunga ni Charles Dawes, mtu wa benki ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani. Maneno yaliongezwa na Carl Sigman mwaka 1951. Wengi wameurekodi. Mimi nawapa Four Tops nafasi ya kwanza kwa sababu Levi hayuko peke yake mbele. Wenzake wanapokea mistari, sauti moja inamwachia nyingine, na kwa mara ya kwanza unatambua kuwa hawa ni watu wanne wenye koo nne tofauti. Tafadhali usisikilize kwa spika ya simu. Vaa visikilizi.

Nimeona santuri yao yenye nembo ya Columbia, wimbo "Ain't That Love". Si walikuwa watu wa Motown?

Ni wao hasa. Kabla ya Motown walishazunguka sana. Walianza 1954 wakijiita Four Aims, wakabadili jina wasichanganywe na kundi la Ames Brothers, wakarekodi kwa kampuni ya Chess mwaka 1956, halafu Columbia, halafu Riverside. Hakuna iliyouzwa vizuri.

Columbia waliitoa "Ain't That Love" mwaka 1960, ikapita bila kusikika. Mwaka 1965 "I Can't Help Myself" ilipofika nambari moja, Columbia wakakumbuka kwamba wana kitu kabatini, wakaitoa upya. Berry Gordy, mwenye Motown, akaagiza wimbo mpya upatikane ndani ya siku moja ili kuwafunika. Watunzi wakachukua mwendo ule ule wa wimbo uliokuwa unavuma, wakaupindua kidogo, na huo ndio ukawa "It's the Same Old Song". Hata jina linakiri! Kwa hiyo santuri yako ndiyo iliyosababisha wimbo mmoja maarufu uzaliwe. Itunze.

Zile sauti nyembamba za kike nyuma ya Levi ni za nani? Mume wangu anabisha kwamba ni wanaume.

Mama, umeshinda. Hao ni Andantes: Jackie Hicks, Marlene Barrow na Louvain Demps, waitikiaji wa kudumu wa studio ya Motown. Majina yao hayakuwekwa kwenye santuri, na hilo linaniuma mpaka leo. Sikilizeni pamoja "Bernadette" ya 1967. Karibu na mwisho vyombo vinanyamaza, waitikiaji wanashikilia sauti moja hewani, kisha Levi anaita jina la mwanamke yule peke yake, na besi ya James Jamerson inaingia tena mbio.

Waliongeza utamu mwingi, lakini pia walizifunika sauti za wenzake watatu wa Levi: Duke, Obie Benson na Lawrence Payton. Ndiyo maana nawasukuma kwenye rekodi ambazo hazikuvuma: humo ndimo wanaume hawa wanasikika vizuri.

Walipotoka Motown si ndio waliisha?

Hapana, jamani. Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles, wao wakahamia kampuni ya ABC-Dunhill, na mwaka uliofuata "Ain't No Woman" ikafika nambari 4 Marekani. Mwaka huo huo waliimba "Are You Man Enough" ya filamu *Shaft in Africa*, ambayo sehemu yake ilipigwa Ethiopia. Tafuta pia "One Chain Don't Make No Prison" ya 1974. Levi hapo ana hasira ya mtu mzima, haimbi tena kwa sauti ya kijana.

Na kabla hawajaondoka Motown kuna kitu cha ajabu: "A Simple Game", wimbo wa Mike Pinder wa Moody Blues, uliotayarishwa na Tony Clarke, mtayarishaji wa kundi hilo la Uingereza. Waingereza waliupandisha hadi nambari 3 mwaka 1971. Nyumbani kwao Marekani haukufua dafu.

Ni kweli "What's Going On" ya Marvin Gaye ilikuwa yao?

Ilianza kwa Obie Benson. Wakiwa ziarani mwaka 1969 aliona polisi wakiwapiga vijana huko Berkeley, akaanza kutunga pamoja na Al Cleveland. Wenzake waliukataa, wakisema hawaimbi nyimbo za maandamano. Marvin akaupokea na kuumalizia.

Upande wa pili wa santuri upi ni bora kuliko wote?

"I'll Turn to Stone", nyuma ya "7 Rooms of Gloom", 1967. Sina la kuongeza.

Nimesikia waliwahi kurekodi jazi. Ipo?

Ipo, na nimeiacha ya mwisho kwa kuwa ndiyo naipenda kuliko zote. Miaka karibu kumi kabla ya Motown walikuwa waimbaji wa kumbi za starehe. Walizoea kuimba nyimbo za zamani kwa sauti nne zilizosukwa, na msukaji alikuwa Lawrence Payton. Yeye ndiye aliyekuwa akimpa kila mtu noti yake. Motown ilipowachukua mwaka 1963 iliwarekodi hivyo hivyo, na bendi kubwa ya matarumbeta, kwa albamu ya *Breaking Through*. Kisha ikafungiwa stoo, mwaka uliofuata wakapewa "Baby I Need Your Loving", na mambo yakawa mengine.

Albamu ile ilitoka 1999. Payton alikuwa amefariki Juni 1997, na hadi siku hiyo kundi lilikuwa na watu wale wale wanne kwa miaka 43. Baada ya mazishi waliendelea kupanda jukwaani watatu, na kwa muda hawakujiita Four Tops. Walijiita Tops tu.