Jibu: Nafasi ya juu kwenye drafti, kotabeki kwanza au walinzi wake?

Mkuu, umeuliza kama timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, yenye nafasi ya juu kwenye drafti (timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, iliyofanya vibaya zaidi ikianza) ichukue kotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, moja kwa moja au ianze na watu wa kumlinda. Kwangu mimi, ukimwona kotabeki wa kweli, mchukue. Ila usimtupe uwanjani bila ukuta.

Mkumbuke kotabeki David Carr. Houston Texans walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2002, timu ndiyo kwanza inaanza. Msimu ule aliangushwa mara 76 kabla hajautoa mpira mkononi, rekodi ya ligi. Kijana akipigwa hivyo wiki baada ya wiki, macho yanaacha kutafuta wapokeaji, yanabaki kwa majitu yanayomjia. Kipaji kinafia hapo, na inauma sana kutazama.

Texans haohao mwaka 2023 walimchukua kotabeki C.J. Stroud nafasi ya 2, wakabadilishana nafasi na timu nyingine kupanda kutoka ya 12 hadi ya 3 kumchukua Will Anderson, mwindaji wa makotabeki wa wapinzani. Stroud alimkuta Laremy Tunsil akilinda upande wake wa kushoto. Msimu huohuo wakatwaa ubingwa wa kundi lao.

Kama kotabeki huyo hayupo, uza nafasi yako kwa mwenye njaa. Mwaka huohuo Chicago Bears waliwauzia Panthers nafasi ya 1, wakapewa mpokeaji DJ Moore na nafasi kadhaa za kuchagua, ikiwemo ya kwanza ya Panthers ya 2024. Panthers wakamchukua kotabeki Bryce Young, wakamaliza msimu na ushindi 2 tu, na nafasi yao hiyo ya 2024 ikageuka ya 1 mikononi mwa Bears, waliomchukua kotabeki Caleb Williams.