Kisukuku huyu au kisukuku hiki?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari Chake Chake. Mwanafunzi wangu kaandika: "Kisukuku huyu aliishi ziwani." Nikamsahihisha: "Kisukuku hiki kiliishi ziwani." Akanihoji mbona tunasema kifaru huyu, kiboko huyu? Nani ana haki?

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi wako kwa kuhoji. Kifaru ni jina la mnyama mwenyewe, ndiyo maana hufuata ngeli ya A-WA, ya viumbe hai, ijapokuwa linaanza na ki-. Kisukuku ni jina la kitu: mabaki au alama ya kiumbe iliyohifadhika mwambani. Kifananishe na mzoga. Husema mzoga wa ng'ombe umeoza, si ameoza. Kwa hiyo "hiki" ni sahihi.

Lakini "kiliishi" nayo siikubali. Aliyeishi ni samaki, na samaki hatoki A-WA hata akifa. Pita sokoni Darajani utasikia "samaki huyu kaoza". Jikoni, "samaki kaungua". Basi kila neno lipewe kitenzi chake.

Chukua Mahenge, mkoani Singida. Miaka milioni 46 hivi iliyopita palikuwa na ziwa dogo ndani ya kreta ya volkano, na humo waliishi jamaa wa kale wa perege, ambao wataalamu wamewaita Mahengechromis. Walipokufa walizama, tope laini likawafunika tabaka juu ya tabaka, na mifupa yao ikahifadhika humo. Ukitaka kulisema hilo kwa sentensi moja: "Kisukuku cha samaki aliyeishi katika ziwa la Mahenge kimefukuliwa." Aliyeishi inamfuata samaki, kimefukuliwa inakifuata kisukuku. Kuogelea, kula na kutaga ni mambo ya samaki. Kufukuliwa, kupasuka na kuwekwa makumbusho ni ya kisukuku.

Pagumu ni kwenye "kisukuku hai", jina analopewa silikanti. Samaki huyu alidhaniwa katoweka tangu zama za dinosauri, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na mwaka 2007 wavuvi wetu wakampata mmoja Nungwi. Hapo jina limekwenda kwa mnyama mwenyewe, hoja ya kifaru ikapata mahali pake, nami naikubali "kisukuku hai huyu" bila wasiwasi. Katika mtihani, hata hivyo, mwanafunzi wako aandike "silikanti huyu".

Sentensi yake ningeiandika hivi: "Samaki wa kisukuku hiki aliishi ziwani."