Maswali na majibu: nebula hafifu na miongozo isiyo ya kwetu

Barua nyingi za safari hii, za kupiga picha nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, zina ugonjwa mmoja. Watu wanafuata miongozo ya wapiga picha wa latitudo 50 Kaskazini, halafu wanashangaa ikigoma Ikweta.

Nimepiga Ou4, ile nebula ya ngisi, kwa dakika 40 nikiwa Nairobi. Nimeambulia nyota tu. Kamera yangu ni mbovu?

Kamera ni nzima. Ou4 iko katika kundi la nyota la Cepheus, karibu digrii 60 kaskazini mwa ikweta ya anga. Kwa Nairobi, hata ikiwa kileleni, haipandi zaidi ya digrii 29 hivi juu ya upeo wa macho, na kwa kimo hicho mwanga wake unapita kwenye hewa maradufu ya ile iliyo utosini. Tena ni hafifu kiasi kwamba hakuna aliyeigundua mpaka 2011, Mfaransa Nicolas Outters alipoikuta ndani ya wingu jekundu la Sh2-129 ambalo wengi walishalipiga. Inang'aa hasa kwa mwanga wa oksijeni, nanomita 500.7, na wanaoipata vizuri huko Ulaya huipa saa 20 na zaidi kwa filta ya oksijeni peke yake. Wewe umeipa dakika 40.

Hesabu haibembelezi: ukitaka chenga, zile punje zinazochafua picha hafifu, zipungue kwa nusu, muda uongezeke mara nne. Saa 3 ziwe 12. Kununua darubini ya pili hakubadili hilo, ingawa naona wengi mnapenda kujaribu.

Na kwa nini uing'ang'anie? Januari na Februari, mvua zikiwa zimekatika, Sh2-308 iliyoko kundi la Canis Major inapita Nairobi kwa kimo cha digrii 67. Ni povu la gesi lililopulizwa na EZ Canis Majoris, nyota ya aina ya Wolf-Rayet (kubwa, yenye joto kali na inayopuliza gesi yake kwa nguvu), na upana wake unauzidi kidogo mwezi mpevu. Nayo inataka filta ya oksijeni, ila angalau haikai kwenye vumbi la upeoni. Juni hadi Agosti kuna RCW 114, kundi la Ara: nyuzi nyekundu za haidrojeni zilizotanda kama digrii 4, kazi ya lenzi ya milimita 135 au 200. Orodha ya RCW ilitolewa 1960 na Rodgers, Campbell na Whiteoak kutoka Australia, ina vitu 182, na vingi havijazoeleka kwa wapiga picha. Sehemu kubwa ya Ulaya haiioni RCW 114 kabisa. Sisi tunaiona, halafu tunakwenda kukimbizana na ngisi wao.

Nitumie ISO ngapi?

800 au 1600, kisha uache kuniuliza. ISO haikusanyi mwanga, muda ndio unaokusanya.

Niko Dar. Nitaelekezaje maunti (kitako kinachozungusha darubini ifuate nyota) kwenye ncha ya anga ikiwa Polaris, nyota ya kaskazini, haionekani na upande wa kusini ni ukungu mtupu?

Usiitafute ncha, ile sehemu ya anga ambayo nyota zote huizunguka. Hapo Dar ncha ya kusini iko digrii 6.8 tu juu ya upeo, na Sigma Octantis, nyota yake ya karibu, ni hafifu hata pasipo ukungu. Tumia programu inayopiga picha tatu huku maunti ikizungushwa kwenye mhimili wake, ikazisoma nyota na kukokotoa mhimili umepotoka wapi. Programu iitwayo N.I.N.A. ina nyongeza ya kazi hiyo, ni ya bure, na haihitaji kuiona ncha. Ifanye mara mbili, kwa sababu skrubu ya kimo ikikazwa huvuta kila kitu. Kosa la dakika 5 za tao (digrii moja ina dakika 60 za tao, na dakika moja ina sekunde 60) laweza kusogeza nyota sekunde 6.5 za tao ndani ya picha ya dakika tano. Kwa darubini ya milimita 400 na pikseli za maikromita 3.76, hizo ni pikseli tatu na ushee. Kamera ya kuongozea, inayoifuata nyota moja na kuirekebisha maunti, itaficha mteremko huo, lakini haitazuia nyota za pembeni kuzunguka.

Kabla ya hapo kagua chuma chenyewe. Maunti nyingi za bei ya kati hugota zikishushwa chini ya digrii 10 au 15, na hata zinazoshuka, fimbo ya uzito wa kusawazisha darubini hugonga mguu wa tripodi. Dawa ni kipande cha nguzo cha kuinua maunti juu ya tripodi, na mguu mmoja ubaki umeelekea kusini. Wanaougeuza mguu huo ili fimbo ipite huuacha uzito wote ukining'inia kati ya miguu miwili, na darubini huanguka kifudifudi.

Kisha hakikisha programu imewekwa nusu ya kusini ya dunia. Ukisahau, maunti inazunguka kinyume na nyota zinakuwa mistari mirefu mara mbili ya kama ungeizima.

Simu yangu mpya ina hali ya usiku. Itaweza nebula hafifu?

Hapana.

Filta ya kuzuia mwanga wa mji inasaidia nikipiga kutoka Kinondoni?

Inategemea filta na inategemea shabaha. Zile pana zilizotengenezwa enzi za taa za sodiamu zinasaidia kidogo sana sasa, maana taa za LED hutapakaza mwanga katika rangi zote. Filta nyembamba za nanomita 3 hadi 7, za haidrojeni 656.3 na oksijeni 500.7, zinafanya kazi kweli, lakini kwa gesi inayong'aa yenyewe tu. Mawingu ya vumbi, ya giza au yanayoakisi nyota, hayana dawa ila kuondoka mjini. Kumbuka pia kwamba mbalamwezi huiumiza oksijeni kuliko haidrojeni. Mwezi ukiwa mkubwa piga nyekundu, usiku wa kiza uweke kwa oksijeni.

Kama kamera yako ni ya kawaida na haijaondolewa filta ya ndani, filta hiyo inakula sehemu kubwa ya mwanga wa 656.3. Anzia hapo kabla ya kununua kingine.

Niipoze kamera hadi -10 kama wanavyoelekeza?

Dar mwezi wa Februari usiku ni nyuzi 26 au 27. Kamera nyingi hupoza nyuzi 30 hadi 35 chini ya hewa, kwa hiyo -10 haifiki, au inafika ikatetereka usiku kucha. Weka 0, na upige picha za giza (lenzi ikiwa imefunikwa, za kuondolea kasoro za kamera) kwa 0 hiyohiyo na muda uleule.

Nimepata wingu jekundu ambalo halimo kwenye programu yangu ya ramani. Nalisajilije?

Polepole. Ramani za simu zina sehemu ndogo tu ya vilivyoorodheshwa. Linganisha kwanza na SHASSA, ramani ya haidrojeni ya anga ya kusini iliyopigwa Cerro Tololo, Chile. Iko mtandaoni bure. Likiwepo pale, umepiga picha nzuri, si ugunduzi. Lisipokuwepo, shuku vifaa vyako. Picha za kusawazisha mwanga zilizopigwa filta ikiwa imegeuzwa huacha madoa mapana yanayofanana sana na nebula. Zungusha kamera digrii 90, piga tena usiku mwingine. Wingu likizunguka pamoja na kamera, ni lako wewe.

La pili ni programu za kusafisha chenga kwa akili mnemba. Ukizipa saa mbili za data hafifu, zitakufumia nyuzi nzuri kabisa ambazo hazipo angani. Ukitaka kudai chochote, onyesha picha iliyorundikwa, yaani picha zako zote zilizounganishwa kuwa moja, kabla ya kusafishwa. Tao la oksijeni kando ya galaksi ya Andromeda, lililotangazwa Januari 2023 na Drechsler, Strottner na Sainty, lilithibitishwa kwanza na wapiga picha wengine kwa darubini tofauti. Wapiga picha wa ridhaa wanagundua, ndiyo, lakini kwa njia hiyo.

Kila ikifika saa saba usiku nyota zinavimba na picha inafifia. Ni fokasi?

Uko pwani, sivyo? Ni umande. Funga mkanda wa joto kwenye kioo cha mbele na kwenye darubini ya kuongozea, ambayo watu huisahau, na uuwashe jioni kabla kioo hakijalowa. Kikishalowa, ongeza joto la mkanda na usubiri kikauke chenyewe. Usikifute kwa shati: chumvi ya hewa ya bahari iliyo juu yake itakikwaruza.