Kusimamishwa na maofisa uvuvi karibu na Mbudya

Ndugu, nimekuelewa: ulikuwa na familia kwenye boti, maofisa uvuvi wakakusimamisha karibu na kisiwa cha Mbudya, Dar es Salaam, na kutaka kufungua deli lako la barafu, nawe unauliza kama ungeweza kukataa. Usikatae. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inawapa mamlaka ya kusimamisha chombo na kukikagua, na ukiondoka unajitafutia kosa jingine. Punguza mwendo mapema, weka gia huru, na hakikisha watoto wameketi wakiwa na maboya, wala wasishike ukingo, kwa sababu boti mbili zinapogusana kwenye mawimbi ndipo vidole husagika. Kisha omba kwa heshima kuona vitambulisho. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu yasiyoruhusiwa kuvuliwa, hivyo mshipi uliolowa unatosha kuzua maswali, hata kama samaki ulimnunua soko la Feri. Faini yoyote ilipwe kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number), kamwe si mkononi. Wakishikilia boti, au wakikutaka usaini maelezo ya kukiri kosa, mtafute wakili kwanza.