Makofi kabla ya mwisho: Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky

Ndugu, umeuliza kuhusu jirani zako ukumbini waliopiga makofi kabla ya Simfoni ya 6 ya Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi, kwisha. Hawakuwa washamba. Simfoni ni muziki mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, na hii ina 4. Sehemu ya 3 ni gwaride linalopanda na kupanda mpaka matarumbeta na ngoma vinafunga kwa kishindo. Sikio lolote litadhani ndio mwisho. Simfoni nyingi za zama zile zilimalizia kwa shangwe. Tchaikovsky akageuza: sehemu ya 4, ya mwisho, ni maombolezo, polepole, yanazimika kwenye selo na besi (ndugu wakubwa wa fidla, wenye sauti nzito) mpaka husikii kitu.

Rudia mwanzo wa hiyo ya 4. Ule wimbo unaoshuka kama mtu anayelia, hakuna fidla inayoupiga mzima. Kundi la kwanza la fidla linapiga noti moja, la pili inayofuata, wanapokezana hivyo hivyo. Unausikia wimbo ambao haumo kwenye karatasi ya mpigaji yeyote! Na karibu na mwisho kuna pigo moja tu, la chini, la sahani kubwa ya shaba.

(Sehemu ya 2 inafanana na waltzi, dansi ya mapigo 3, ila ina mapigo 5. Jaribu kuicheza, mguu mmoja utabaki hewani.)

Kuhusu uvumi kwamba Tchaikovsky alikuwa anaiaga dunia kwa simfoni hii: aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza St. Petersburg tarehe 28 Oktoba 1893, akafariki siku 9 baadaye, watu wakaunganisha. Lakini alianza kuiandika Februari mwaka huo, na barua zake zinaonyesha aliionea fahari sana. Mimi siuamini.