Kila nikimuuliza anasema "sijui"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimesomea ushauri nasaha ngazi ya cheti, na sasa ninajitolea kwenye makao ya vijana wasio na pa kuishi. Tumempokea mvulana wa miaka 15. Analala na viatu, anaficha chakula chini ya godoro, na nikimwita ofisini anakaa karibu na mlango na kunijibu "sijui" mwanzo hadi mwisho. Nina fomu ndefu ya kujaza: wazazi wako wapi, aliondoka kwao kwa nini, amewahi kunyanyaswa, anatumia dawa gani za kulevya. Mkubwa wangu wa kazi anasema nimbane kidogo, akishalia atafunguka. Juzi usiku tulikuwa tunaosha vyombo, ghafla akaniuliza, "Nikikwambia kitu, utamwambia mtu?" Nilishikwa na kigugumizi, akaenda zake kulala. Ningemjibu nini? Na nifanyeje ili aongee?
Mnasihi Mchanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mkubwa wako, maana ndilo linaloweza kumuumiza mtoto leo hii. Usimbane. Kumlazimisha mtu asimulie yaliyomkuta kabla hajawa tayari hakumponyi, na mara nyingi humrudisha kulekule alikotoka. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia mwaka 2011, liliujenga juu ya mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada, na likasisitiza kwamba mtu asishinikizwe kusimulia. Mwonyeshe mkubwa wako huo mwongozo kwa heshima, lakini mwonyeshe.

Unasema haongei, lakini mimi naona ameshakueleza mengi. Aliyezoea kulala nje anajua kiatu kikivuliwa kinaibwa, na kwamba usiku wowote huenda akalazimika kukimbia. Anakaa mlangoni ili awe na njia ya kutokea. Anaficha chakula kwa sababu hana uhakika wa kesho. Hapo hakuna utovu wa nidhamu hata kidogo, kwa hiyo asivuliwe viatu kwa amri wala godoro lake lisipekuliwe. Mpe kopo lenye mfuniko aweke akiba yake bila kuleta wadudu. Ofisini muulize anataka kukaa wapi, na wewe usikae kati yake na mlango.

Sasa hiyo "sijui" yake. Mtoto kama huyo huwa ameshaulizwa maswali hayohayo na polisi, na muuguzi, na ofisa ustawi wa jamii, na kila alipojibu watu wazima waliamua jambo juu yake bila kumshirikisha. Kwa nini akuamini wewe mwenye fomu ya nne? Chukua kalamu, uweke alama kwenye yale tu yanayohitajika kwa usiku huu: ana jeraha au ugonjwa, kuna dawa anazopaswa kumeza, kuna mtu anayemwogopa, ana mawazo ya kujidhuru. Mengine yasubiri. Mweleze kila swali linaulizwa kwa nini na nani atasoma jibu, na kwamba ana ruhusa ya kusema "hilo sitaki kulijibu". Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Haki hiyo inaanzia kwenye meza yako.

Nije kwenye vyombo. Mwanangu, ile ndiyo ilikuwa ofisi yenu! Mikono ina kazi, macho yako kwenye maji, hakuna anayemkodolea mwenzake. Vijana wengi huona wepesi kuongea na mtu aliye ubavuni kuliko aliyewaelekea uso kwa uso. Endelea kuosha naye, na kama hana la kusema, osheni vyombo tu.

Swali lake usiliache bila jibu. Mrudie leo: "Juzi uliniuliza kitu, nimekuja kukujibu. Mengi utakayoniambia yatabaki kwangu. Lakini ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtu anayekuumiza wewe au mtoto mwingine, hilo sitaweza kulinyamazia. Kabla sijamwambia yeyote nitakujulisha kwanza, na tutazungumza tumwambie nani." Ayasikie haya kabla hajakwambia siri yake. Kumwahidi usiri usio na mipaka kisha ukauvunja ni kumfunga mdomo kwa miaka. Huenda akanyamaza baada ya kukusikia. Mwache anyamaze, naye atajua wewe humdanganyi.

Kuhusu kujiua, muulize waziwazi, kwa maneno hayohayo. Kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Akisema ndiyo, na hasa akiwa ameshafikiria namna, asiachwe peke yake, ondoeni vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na aonwe na mtaalamu siku hiyohiyo. Usilibebe peke yako na cheti chako.

Kumbuka pia kwamba makaoni mtoto anaweza kuondoka kesho. Ndiyo maana sishauri ufukue mambo mazito ambayo hamtapata muda wa kuyatuliza. Kila mazungumzo yamwachie kitu cha kutumia. Kwa mfano, akishtuka usingizini moyo ukimwenda mbio, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, ataje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona, na atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Mfundishe mchana, akiwa ametulia.

Na usiku je? Kwangu mimi, mlezi wa zamu ya usiku ana uzito kuliko mnasihi wa mchana, maana hofu ya hawa watoto huamka taa zikizimwa. Kaa na walezi hao uwaombe wasimwamshe kwa kumtikisa. Wasimame mbali kidogo, wawashe taa ndogo, wamwite kwa jina.

Kama anavuta gundi au anatumia kitu kingine, usifanye kuacha kuwe sharti la kuongea nawe. Mpeleke kwa daktari. Ndoto mbaya zisipopungua, au akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hapo napo anahitaji daktari wa afya ya akili.

Mwisho, mwambie siku zako za zamu na uzishike. Siku ukikosa, mtumie ujumbe kupitia mlezi. Usimwahidi kumchukua nyumbani kwako, hata huruma ikikuzidi. Nawe omba mnasihi mzoefu wa kukusimamia, mwonane mara kwa mara, kwa sababu utasikia mambo ambayo hupaswi kwenda kulala nayo peke yako. Kama makao hayana mtu huyo, liweke ombi hilo kwa maandishi wiki hii.